Siku Anselmo Aliponunua Farasi

Nyumbani kwa Anselmo Bustos kulikuwa na vibuyu viwili vya mate, kile kinywaji chetu cha majani machungu kinachonyonywa kwa mrija. Sisi wa San Eladio tukiingia jikoni kwake tuliviona, kimoja upande huu wa jiko na kingine upande ule, kila kimoja na mrija wake wa chuma na birika lake la maji ya moto, na tulijifanya hatujaona. Mate hunywewa kibuyu kimoja. Anayemimina anaonja kwanza, anajaza tena, anampa mwenzake, na kibuyu kinazunguka mpaka majani yaishe ladha. Watu waliokosana wanaweza kulala kitanda kimoja, hilo tumeliona mara nyingi tu, lakini kibuyu kimoja hapana. Na Nélida hakuwa amempa mumewe kibuyu chake tangu mwaka ule farasi wake Porota alipouzwa.

Kazi ya Anselmo ilikuwa kufundisha farasi wa polo, ule mchezo wa kupiga mpira kwa magongo ukiwa juu ya farasi. Alichukua farasi wachanga ambao hawajawahi kuhisi uzito wa mtu, akawafundisha kubeba, kukimbia, kusimama ghafla, kugeuka bila kuogopa gongo linalopita sikioni, na mwisho akawauza. Kufundisha alikuwa hodari, hakuna anayebisha. Lakini kuuza ndiko kulikokuwa kipaji chake, na pia ugonjwa wake. Siku ya ubatizo wa mpwa wake aliuza meza ya chakula tukiwa tumeizunguka, tukamalizia supu tumesimama na sahani mikononi. Aliuza mbwa, mbwa akatoroka akarudi, akamuuza tena kwa mtu mwingine. Hakuwa na uchu wa pesa, maana pesa zenyewe alimkabidhi Nélida zote bila hata kuzitazama. Alipenda tu ile dakika mtu anapokohoa, anapangusa kidevu, kisha anasema, "Haya, nachukua." Kununua hakujua. Kila kilichohitajika nyumbani, kuanzia chumvi hadi suruali zake mwenyewe, kilinunuliwa na mkewe.

Porota alizaliwa wiki ya mvua, na mama yake akafa palepale kwenye majani. Nélida alimbeba yule mtoto wa farasi hadi jikoni, akamlaza karibu na jiko, akamnywesha maziwa kwa chupa kila baada ya muda mfupi, mchana na usiku, mpaka akasimama. Alipokua alimfuata Nélida kila mahali. Tulizoea kumwona amesimama nje ya duka la mikate, kichwa kimeingia dirishani, akimsubiri bibi yake amalize umbea. Anselmo alimfundisha polo, na akagundua kwamba hajawahi kushika farasi mwepesi kama yule.

Kisha dada yake Nélida akajifungua mapacha kule Bahía Blanca, na Nélida akaenda kumsaidia. Aliporudi alikuwa na mfuko wa matofaa kwa ajili ya Porota. Zizi lilikuwa tupu. Anselmo alikuwa juu ya nyumba anapigilia mabati mapya, na alipomwona alipunga nyundo kwa furaha.

"Nélida! Ukisikia bei niliyopata utaanguka! Wale wa shamba la La Recostada wamemchukua, wakaniletea na mabati juu ya pesa. Tazama paa, mama, paa!"

Nélida aliweka mfuko wa matofaa chini.

"Hukuniuliza," akasema.

"Ningekuuliza vipi nawe hukuwepo?"

Jioni ile Nélida aliingia dukani akanunua kibuyu cha pili. Tangu hapo akamwita mumewe Bustos, kama polisi anavyomwita mtu, na kila mvua iliponyesha alitazama mabati juu akasema kwa sauti ya kawaida, "Porota havuji." Anselmo alizeeka chini ya paa lile akisikia maneno yaleyale. Porota akawa nyota wa La Recostada, akacheza fainali kubwa kubwa, picha zake zikabandikwa hata kwenye baa yetu. Alipokufa kwa ugonjwa wa tumbo, Nélida alipata habari kwa muuza mikate. Alilipa mkate, akarudi nyumbani, akakamua ng'ombe wake.

Ng'ombe hao ni lazima niwataje. Walikuwa wake, si wa wote wawili. Alianza na mmoja aliyepewa na baba yake, akafikisha kundi dogo linalojaza uwanja wa nyuma, na jibini aliyotengeneza ililiwa na nusu ya mji. Kila mmoja alikuwa na jina. Anselmo mwenyewe aliwaogopa kidogo.

Basi, mwaka juzi, Quiroga fundi wa kwato alikuja kumpigia farasi viatu, akasema huku misumari imejaa mdomoni:

"Mzee Anselmo, umesikia? Wamemrudisha Porota."

"Wewe umeanza kunywa asubuhi?"

"Haki ya Mungu. Kabla hajafa walimkata kinyama kidogo, wakakipeleka maabara. Nakala yake imetoka, sasa ana miaka mitatu. Jumamosi wanaifikisha mnadani."

Kwetu farasi wa kunakiliwa si jambo la kumshangaza mtu tena. Kila mwenye farasi mkubwa wa polo anafanya hivyo, na watoto wanajua kueleza kuliko sisi. Lakini Anselmo alikaa chini kwenye ndoo. Hakusikia habari za maabara wala kinyama. Alisikia neno moja tu: wamemrudisha. Alijiona akiingia uwanjani na Porota, akimkabidhi Nélida kamba mkononi, na Nélida akiweka birika moja jikoni. Mzee wa watu alikuwa na kiu ya kile kibuyu miaka yote ile, na hakuwahi kumwambia mtu.

Pesa? Mtu asiyejua ila kuuza hutafuta pesa kwa njia moja. Alitazama huku na huku uwanjani kwake, akaona kitu kimoja tu chenye thamani ya farasi wa mnadani. Alimtafuta Robledo, mchuuzi wa mifugo, wakanong'onezana nyuma ya kanisa. Robledo alilipa taslimu. Lori lingekuja Jumamosi mchana, wenye nyumba wakiwa hawapo.

Naam. Aliuza ng'ombe wa Nélida ili amnunulie Nélida yule farasi aliyemuuza bila kumuuliza. Ukimwuliza leo atakwambia wakati ule aliona ni akili nyingi.

*

Jumamosi alivaa bereti mpya na kunyoa ndevu.

"Unakwenda kuuza nini, Bustos?" Nélida aliuliza akipanda gari lao la mizigo. Alikuwa na kibuyu chake na chupa yake ya maji ya moto mapajani, na cha mumewe kilikuwa kinagongana na spana chini ya kiti.

"Naenda kununua."

Nélida alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe! Hata chumvi hujawahi kununua."

"Utaona."

"Haya, nitaona. Ila tusichelewe, nataka turudi kabla ya saa ya kukamua. Yule Tobiana titi lake moja limevimba."

Anselmo alikaza macho barabarani. Alijiambia mkewe akishamwona Porota atasahau matiti yote ya dunia hii.

La Recostada walikuwa wameweka hema kubwa jeupe, viti, na nyama choma ya bure kwa kila aliyefika, maana mnunuzi aliyeshiba hunyoosha mkono kwa urahisi zaidi. Anselmo alijua mbinu zote hizo, kwa kuwa yeye mwenyewe alizitumia maisha yake yote. Alijua dalali atafanya mzaha upi, na wale vijana waliosimama kati ya viti kazi yao ni kupiga ukelele kila wanapoona kidole kimeinuka. Lakini kukaa kwenye kile kiti, upande ule, kulimchanganya kama mtu aliyeingia kanisani kwa mlango wa padri.

"Anselmo, farasi wako wako wapi?" rafiki yake mmoja alimpigia kelele kutoka kwenye nyama.

"Leo mimi mnunuzi."

"Eh! Jamani, njooni mwone! Nélida, huyu umempeleka kwa daktari?"

"Nimemwacha tu," Nélida akajibu. "Atachoka mwenyewe."

Wakauzwa farasi wengine, Anselmo hata hakuwaona. Ndipo dalali aliposhusha sauti, lango likafunguliwa, na Porota akaingia.

Nélida alimshika mumewe mkono. Hakuwa amemshika mkono miaka mingapi sijui. Ni yeye kabisa, kahawia iliyoiva, shingo ileile, ule mwendo wa kunyanyua miguu kana kwamba ardhi ni ya moto. Uso wa Nélida ulikuwa umekwisha damu. "Anselmo," alisema, na Anselmo aliposikia jina lake machozi yalimjaa, akataka kusema, ndiyo, mama, nimekuletea.

Hapo akaingia Porota wa pili.

Na wa tatu nyuma yake. Na wa nne.

Walisimama wanne katikati ya uwanja, masikio mbele, wakigeuza vichwa pamoja. Anselmo alibaki mdomo wazi. Alifumba macho akafumbua, walikuwa bado wanne. Mtu unaweza kujiandaa kumwona marehemu akirudi, lakini si akirudi na wenzake. Nyuma yao mama mmoja alifanya ishara ya msalaba, kisha akaona haya akajifanya anakuna bega.

"Mabibi na mabwana," dalali alisema, "hawa ni damu moja, mama mmoja, yule mnayemjua nyote. Tunauza kwa kuchagua. Atakayeshinda anachukua mmoja anayemtaka, halafu tunaendelea na waliobaki."

"Ni yupi?" Nélida alinong'ona. "Bustos, ni yupi?"

"Wote."

"Wote vipi? Mimi nililea mmoja!"

Mnada ulikuwa umeanza, na Anselmo akanyoosha mkono, na mmoja wa wale vijana akapiga ukelele karibu na sikio lake nusura aanguke. Na hapo ndipo ule ugonjwa wake ulipompata. Farasi wako uwanjani, watu wamekaa, dalali anaita bei. Miaka arobaini kinywa chake kilizoea kufanya kazi moja wakati kama huo, nacho kikaanza kuifanya bila ruhusa. Kushoto kwake alikaa bwana mmoja mpole wa mjini, jina lake Ledesma tulikuja kulijua baadaye, aliyekuwa anakula soseji na hakuonekana kuwa na nia na kitu chochote.

"Tazama bega lile," Anselmo alimwambia. "Bega kama hilo huoni mara mbili."

"Naona manne," Ledesma akasema.

"Na kinywa! Huyu mama yao unamgeuza kwa vidole viwili. Mimi ndiye niliyemfundisha, bwana, nakwambia mwenyewe. Anasimama ukiwaza tu kusimama. Anayeacha farasi huyu leo atajuta mpaka kaburini."

Ledesma aliweka soseji chini, akapangusa vidole, akanyoosha mkono.

"Mkono mpya hapa!" yule kijana akapiga ukelele.

"Unafanya nini?" Nélida alimfinya. "Unashindana naye halafu unamsifia?"

"Imenitoka." Anselmo alinyoosha mkono tena. Ledesma naye. "Na moyo!" Anselmo akaendelea, jasho linamtoka, anajisikia mwenyewe na hawezi kujizuia. "Chukua wengine wote, bwana, hakuna mwenye moyo kama huu! Dakika ya mwisho ya mchezo ndiyo kwanza anaanza!"

Ledesma alinyoosha mkono juu zaidi.

"Nyamaza, mzee mpumbavu!" Nélida akasema kwa sauti iliyofika uwanjani, watu wakaangua kicheko. Kisha akafanya jambo ambalo San Eladio wanalisimulia mpaka leo. Kwa kiganja chake cha kushoto aliufunika mdomo wa mumewe, akaukaza kabisa, na kwa mkono wa kulia akaushika mkono wa mumewe akauinua juu yeye mwenyewe. Akauinua tena. Na tena. Anselmo alihemea puani, macho yamemtoka. Ledesma, aliponyimwa yale maneno, alifikiri kidogo, akachukua soseji yake.

Nyundo ikagonga.

"Pesa unazo?" Nélida aliuliza akiondoa kiganja.

"Ninazo."

"Za wapi hizo?"

"Nilizitafuta," Anselmo akasema, na karani alikuwa amekwisha fika na kalamu. "Andika jina la mke wangu. Nélida Sosa. Si langu. Lake."

Nélida alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye.

Walimfungulia lango akachague. Aliwaendea polepole, akabana ulimi akatoa ule mlio aliokuwa akimwitia Porota na chupa ya maziwa. Sote tulioujua mlio ule tulishika pumzi. Wale wanne waligeuza masikio, wakamwangalia, wakaona hana kitu mkononi, wakageuza masikio upande mwingine.

"Hawanijui," Nélida alisema. Anselmo alisikia uchungu kuliko siku ile ya kibuyu cha pili. Kumbe hakikuwa kitu cha kurudishwa. Porota aliyefahamu mlio ule alitengenezwa jikoni kwake, karibu na jiko lake, usiku baada ya usiku, na hapakuwa na maabara ya kumtoa tena.

Lakini Nélida aliendelea kuwatazama. Porota alikuwa na soksi moja ya manyoya meupe mguu wa nyuma. Kati ya hawa, wawili walikuwa nayo vilevile, mmoja alikuwa na mbili, na wa mwisho hakuwa nayo kabisa, miguu yake yote ilikuwa kahawia mpaka kwenye kwato. Alimwekea huyo mkono shingoni.

"Huyu," akasema. "Huyu angalau hanidanganyi."

Anselmo alitoa hatamu ya ngozi mfukoni, akamvalisha, akamtoa nje ya hema huku wale watatu wakiendelea kunadiwa. Na hapo, jamani, yakamkuta mambo asiyoyatarajia. Yule farasi mchanga alimnusa shingoni, akapumua kwa nguvu ndani ya kola ya shati lake, akaegemeza taya begani kwake akatulia. Anselmo alisubiri kinywa chake kiseme bei, kama kilivyosema kila mara farasi alipomtulia hivyo. Hakikusema kitu. Alikuwa anawaza atamweka kwenye zizi lipi, lile la karibu na dirisha la jikoni, au lile lenye kivuli. Uzee wote ule, na ndiyo kwanza ameshika kitu asichotaka kukiachia.

Nélida alikuwa amesimama upande wa pili wa farasi, anampapasa, anafuta machozi na anacheka pamoja. Alikuwa ameanza kusema kitu. Simu yake ikalia.

Alikuwa Mirta, jirani yao, na Mirta hahitaji simu ili asikike.

"Nélida! Mmehama bila kuaga?"

"Nani kahama?"

"Kuna lori la Robledo hapa, wanapakia ng'ombe wako wote! Tobiana amegoma, watu wanne wanamsukuma! Robledo anasema mumeo kawauza!"

Ledesma, aliyekuwa ametoka hemani akifuata watumishi wake na wale watatu aliowanunua, alisimama. Quiroga fundi wa kwato alitazama viatu vyake. Nélida alishusha simu taratibu. Hakupiga kelele, na Anselmo angetoa bereti yake na kichwa kilichomo ili apige kelele.

"Ng'ombe wangu," akasema.

"Nilidhani... Nélida, nilitaka iwe siku ya furaha. Ningekueleza njiani."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa!"

"Basi ulijua." Kisha akamgeukia karani, aliyekuwa anapita na karatasi zake. "Kijana, huyu farasi ni wa nani?"

"Wako, mama. Jina ni lako."

"Wangu peke yangu?"

"Peke yako."

"Bwana," Nélida alimwambia Ledesma, "wewe ulimtaka huyu. Bado unamtaka?"

Ledesma alimtazama farasi, akamtazama Anselmo, akapangusa kidevu. "Ningependa wasitenganishwe wote wanne."

"Sina haja ya kumsifia, mume wangu amekwisha kusema yote. Ongeza kidogo juu ya bei yetu, umchukue sasa hivi."

Ledesma alikohoa. Anselmo alikusikia kule kukohoa, ile dakika aliyoipenda maisha yake yote.

"Haya," Ledesma akasema, "nachukua."

"Nélida, subiri," Anselmo akasema. Alikuwa bado ameshika kamba, na taya la farasi bado liko begani. "Subiri kwanza. Huyu... tayari nilikuwa nimemfikiria zizi la karibu na dirisha. Nélida. Tuzungumze. Ng'ombe nitakutafutia wengine."

Hakuna aliyemsikiliza. Nélida alikuwa kwenye simu na Robledo, anamwambia ateremshe ng'ombe wale mmoja baada ya mwingine, pesa zake atarudishiwa na faida ya usumbufu juu, na akimgusa Tobiana titi lile bovu atajibu kwa Mungu. Karani alifuta jina akaandika jingine. Mtumishi wa Ledesma alikuja na kamba yake, akamvalisha farasi, akamvua hatamu ya ngozi akamrudishia Anselmo, kwa maana hatamu haiendi na farasi mpaka mwenyewe aseme. Yule farasi alichukuliwa na wenzake watatu. Hakugeuka nyuma.

"Hukuniuliza," Anselmo akasema.

Maneno yalitoka kabla hajajua ni ya nani. Aliyasikia hewani, akayatambua, akasimama palepale na hatamu inaning'inia mkononi. Paa, mvua, vibuyu viwili, jina lake la Bustos miaka yote, vyote vilimjia kwa pamoja. Alikuwa hajawahi kuelewa. Alidhani mkewe alimkasirikia kwa ajili ya farasi.

"Eeh," Nélida akasema. "Ndivyo inavyokuwa."

*

Walishika njia ya kurudi. Nusu ya njia gari likahitaji maji, wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Nélida alichukua kibuyu chake akaanza kutia majani, na ndipo alipoitazama vizuri ile hatamu iliyotupwa mbele ya kioo. Ilikuwa ngozi ya kusukwa, nyeusi kwa mafuta ya mikono, na kwenye ukanda wa shavuni ilishonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule aliushona yeye, siku Porota alipoitafuna.

"Hii ni ya Porota."

"Ndiyo."

"Nilidhani uliiuza naye."

"Ilikuwa chini ya kiti," Anselmo akasema. "Wakati wote."

"Kwa nini hukuiuza?"

"Sijui, mama. Kila mtu akiniuliza bei nilisema sijui iko wapi."

Nélida aliifuata ile mishono kwa kidole. Wakati huohuo mtu mmoja aliyekuwa anajaza mafuta gari la nyuma aliinama dirishani kwa Anselmo. Alikuwa na kofia pana na tabasamu la watu wa mjini wanaokusanya vitu vya kale.

"Samahani, mzee. Hiyo hatamu ya kusukwa, kazi kama hizo hazifanywi tena. Unaiuza? Taja bei, sibishani."

Tulimjua Anselmo. Ungemwamsha usingizini ukamwambia taja bei, angetaja. Kinywa chake kilifunguka, na bei ilikuwa tayari kwenye ulimi, bei nzuri sana. Kisha akakifunga. Akamgeukia mkewe.

"Wewe unasemaje?" akamwuliza.

Nélida hakumtazama. Alimimina maji ya moto juu ya majani, akanywa ya kwanza mwenyewe kama ilivyo desturi, mpaka mrija ukakoroma. Akajaza tena. Mtu wa mjini alisubiri. Anselmo naye alisubiri, mikono kwenye usukani. Nélida alinyoosha mkono akampa kibuyu.

"Mwambie hatuuzi, mzee wangu."

Kibuyu kilikuwa cha moto, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Hatuuzi," Anselmo akamwambia yule mtu. Lilimtoka kwa shida, kwa kuwa ni neno ambalo hakuwahi kulitumia.